Duke ya Cooper Flagg: ugonjwa ulionekana Novemba, ukaua Aprili

Msimu wa 2024-25 Duke, timu ya basketi ya chuo kikuu cha Duke kule Marekani, walicheza mechi 39, wakashinda 35, wakapoteza 4, na hizo nne ukijumlisha tofauti zake zote unapata pointi 17 tu. Kentucky 77-72, Kansas 75-72, Clemson 77-71, Houston 70-67. Hakuna hata timu moja iliyowazidi nguvu dakika zote arobaini, wote waliowafunga waliwafungia palepale mwishoni, na mbili kati ya hizo nne zilishatokea mwezi wa kwanza kabisa wa msimu. Ndio maana nikisikia mtu anasema Duke walivyotolewa na Houston ilikuwa ajali nakataa, maana ukirudi nyuma ukaangalia zile wiki sita za mwanzo, Novemba mpaka katikati ya Desemba, nguvu zao zote ziko pale na udhaifu wao uko pale, tena wazi kabisa.

Kwa ambao hawafuatilii sana basketi ya vyuo vya Marekani, kwanza tuelewane msimu wenyewe unavyokwenda. Unaanza mwanzoni mwa Novemba, na karibu miezi miwili ya kwanza timu zinacheza nje ya ligi zao, ndio mwaka mpya ukianza zinaingia kwenye ligi yenyewe mpaka Machi, halafu yanakuja yale mashindano ya mtoano ya timu 68 ambayo ukipoteza moja tu unarudi nyumbani. Sasa hiyo miezi miwili ya mwanzo chuo kinajipangia ratiba chenyewe, kwa hiyo vyuo vikubwa vinachanganya, vinaita timu ndogo nyumbani kuzipiga, halafu vinapanga mechi chache ngumu dhidi ya wakubwa wenzao. Duke walifungua kwa kuwapiga Maine 96-62, wakawapiga Army 100-58, baadaye Wofford 86-35. Ukisoma matokeo hayo tu utasema hii timu haina shida yoyote, ila ukweli ni kwamba ukimpiga mtu kwa pointi 51 hujajifunza chochote kuhusu wewe mwenyewe. Kila kosa linafunikwa. Mpira unapotea katikati ya uwanja, hakuna anayejali, sekunde kumi baadaye umeshadanki upande wa pili, yaani umeutumbukiza mpira ringini kwa mkono.

Mechi za kuangalia mwanzoni mwa msimu ni zile ngumu chache, na Duke walikuwa na nne: Kentucky pale Atlanta tarehe 12 Novemba, Arizona nyumbani kwao Tucson tarehe 22, Kansas pale Las Vegas tarehe 26, halafu Auburn wakaja Durham, nyumbani kwa Duke, tarehe 4 Desemba. Wakashinda mbili wakapoteza mbili.

Kabla ya hizo mechi lazima ujue timu ilijengwaje, maana bila hapo mengine yote hayaeleweki. Kocha Jon Scheyer alichukua timu 2022 baada ya Mike Krzyzewski kustaafu, na msimu wake wa pili uliisha Machi 2024 kwa kufungwa na NC State hatua moja kabla ya nusu fainali. Baada ya hapo wachezaji saba wakahamia vyuo vingine, Filipowski na McCain wakaenda NBA, yaani karibu timu nzima ikaondoka. Waliobaki wenye dakika za maana ni magadi wawili, yaani wale wa nje wanaoshika na kugawa mpira, Tyrese Proctor wa Australia na Caleb Foster. Scheyer akajaza nafasi kwa namna mbili. Akaleta madogo wa mwaka wa kwanza ambao kila mtu alijua wanapita tu kuelekea NBA, Cooper Flagg kutoka Maine, Kon Knueppel kutoka Milwaukee, Khaman Maluach, Isaiah Evans, halafu akaokota watu wazima kutoka vyuo vingine, Sion James kutoka Tulane, Maliq Brown kutoka Syracuse, Mason Gillis kutoka Purdue. Kwa hiyo uzoefu ulikuwepo kwenye kikosi, ila haukuwa mikononi mwa wale waliokuwa wanashika mpira dakika za mwisho. Hapo pazingatie.

Tuanze na nguvu, maana zilikuwa nguvu kweli kweli.

Ya kwanza ni urefu. Sio urefu wa senta, yule mkubwa wa chini ya ringi, peke yake, urefu wa timu nzima. Proctor, James, Knueppel wote wako karibu mita mbili, Flagg sentimita 206, Maluach 218. Gadi mfupi hakuna. Faida yake inaonekana kwenye difensi: timu nyingi zikiwekewa skrini, yaani mchezaji mmoja anasimama kumziba beki ili mwenye mpira apite, lazima mabeki wapambane kurudi kwa mtu wao, na kwenye kule kurudi ndiko nafasi inapopatikana. Duke walikuwa wanaswichi tu. Wewe chukua wangu mimi nachukua wako, basi, hakuna nafasi iliyofunguka, kwa sababu hata aliyebadilishiwa bado ni mrefu na bado ana mikono. Mpinzani anapiga pasi nne tano, saa ya sekunde 30 za kumaliza shambulizi inakaribia kuisha, anajikuta anarusha mtupo mgumu juu ya mkono wa mtu wa mita mbili. Arizona walikutana na hilo wakaishia pointi 55 kwenye uwanja wao wenyewe, Duke 69. Na kwenye timu ile alikuwepo Caleb Love, yule yule aliyekuwa North Carolina 2022 na akashiriki kumfunga Coach K, yaani Krzyzewski, mechi yake ya mwisho kama kocha, usiku ule wa Tucson alizimwa.

Ya pili ni Flagg mwenyewe. Huyu dogo alikuwa na miaka 17 msimu unaanza, alitimiza 18 tarehe 21 Desemba, na tayari alikuwa anafanya kila kitu, anafunga, anachukua ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, anabloku, anagawa mpira, halafu anakaba mtu yeyote unayempa. Pointi 26 dhidi ya Kentucky, 24 kule Arizona, 22 na ribaundi 11 dhidi ya Auburn. Wengi waliangalia pointi zake lakini mimi naona kitu kikubwa zaidi kilikuwa difensi ya kusaidia, ile anamuacha mtu wake sekunde moja anakwenda kufuta mtupo wa mwingine halafu anarudi bado kwa wakati. Ukiwa na mtu wa hivyo wenzako wote wanakaba kwa ujasiri zaidi, kwa sababu wanajua wakipitwa kuna mtu nyuma.

Na nyuma yake zaidi alikuwa Maluach, ambaye kwa sisi huku Afrika Mashariki anatuhusu moja kwa moja. Amezaliwa Sudan Kusini akakulia Uganda, Kawempe pale, mpira wenyewe kaanza kuujua akiwa kijana tayari, akapita akademi ya NBA kule Saly, Senegal, na 2024 alicheza BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, na City Oilers ya Kampala kabla hajakwenda Olimpiki ya Paris na timu ya taifa ya Sudan Kusini akiwa na miaka 17. Duke hawakumwomba afanye mengi. Kimbia, weka skrini, zunguka kuelekea ringi, pokea pasi ya juu danki, ukirudi nyuma linda ringi. Alimaliza msimu na asilimia 71 ya mitupo yake imeingia, unaweza kusema ni kwa sababu zilikuwa danki tupu, sawa, lakini kufika mahali pa kudanki kila mara nayo ni kazi, wapinzani walikuwa wanavutwa kumfuata yeye na hapo Knueppel au Proctor anabaki peke yake kwenye mstari wa thrii, ile mitupo ya mbali ya pointi tatu. Udhaifu wake wa mwanzo ulionekana pia, ukimpelekea senta mwenye mwili na mbinu anasukumwa, na mpira wa kugombania ulikuwa unamponyoka. Nitaurudia huu mbele.

Sasa udhaifu. Wa kwanza uliokuwa unaongelewa Novemba ulikuwa mitupo ya mbali. Dhidi ya Kentucky walikosa thrii nyingi mno, nafasi nzuri kabisa, wazi, zinagonga chuma. Watu wakaanza kusema hii timu haina wapigaji. Mimi huu naupita haraka kwa sababu haukuwa ugonjwa wa kweli, mitupo ya mbali kwenye mechi moja inaweza kukataa tu, ukiwa na wapigaji wazuri na nafasi ni nzuri itarudi, na ilirudi. Knueppel alimaliza msimu juu ya asilimia 40. Na kwenye ile mechi ya Auburn Isaiah Evans, ambaye mpaka hapo alikuwa hapewi dakika, aliingia kutoka benchi akapiga thrii sita kipindi cha kwanza, pointi 18, uwanja wa Cameron ukawa hausikiki chochote ndani kwa kelele.

Udhaifu wa pili ndio wenyewe. Kufunga mechi, yaani kuimaliza mechi ya karibu dakika za mwisho.

Angalia Kentucky. Duke wanaongoza 46-37 mapumziko. Kentucky walikuwa timu mpya kabisa, kocha mpya Mark Pope, wachezaji karibu wote kawaokota vyuo vingine, ila walikuwa watu wazima, Lamont Butler, Andrew Carr, Koby Brea, wengine mwaka wa tano chuoni kwa sababu ya ule mwaka wa ziada waliopewa wachezaji wa kipindi cha korona. Wakarudi taratibu bila haraka. Ikafika 72-72, sekunde chache zimebaki, mpira wa Duke. Kila mtu uwanjani anajua unakwenda kwa Flagg. Unakwenda kwa Flagg, Flagg anapambana kuingia, Otega Oweh anamnyang'anya, anakimbia, anachezewa faulo, mitupo miwili yote ndani, 74-72. Duke wanapata tena mpira, tena kwa Flagg, tena unapotea. Mechi imeisha.

Wiki mbili baadaye Kansas, waliokuwa namba moja nchini. Dakika kama kumi zimebaki senta wao Hunter Dickinson anampiga teke Maliq Brown kichwani wakiwa wamegombania mpira chini, anatolewa nje. Yaani timu namba moja imempoteza mtu wake mkubwa kuliko wote na bado robo nzima ya mechi. Hapo Duke walitakiwa wamalize. Hawakumaliza, Kansas wakaendelea na wazee wao, Dajuan Harris amekaa chuo kile miaka mingi mpaka anakijua kila kibao cha sakafu, wakakaza difensi, wakachukua mechi 75-72.

Kwa nini timu yenye vipaji vingi hivyo inashindwa dakika tatu za mwisho tu? Watu wanapenda kusema moyo, au presha, au ni watoto. Utoto upo lakini tuufafanue, maana neno presha halielezi kitu. Dakika za mwisho za mechi ya karibu mchezo wenyewe unabadilika. Mwamuzi anaachia miili igongane zaidi. Mashambulizi ya haraka yanakufa kwa sababu hakuna tena anayekubali kukimbiliwa. Kila timu inapunguza mwendo, na kinachobaki ni watano kwa watano, uwanja nusu, saa inashuka, kila mtu anajua pleya yako bora ni nani. Hapo unahitaji kitu kimoja kati ya viwili, ama mfumo uliozoeleka kiasi kwamba mpira ukizibwa kwa wa kwanza wa pili anajua tayari anafanya nini, ama gadi mkongwe ambaye ameshakutana na hali ile mara ishirini. Duke Novemba hawakuwa na vyote viwili. Proctor ni mchezaji mzuri lakini kwa asili ni mpigaji zaidi ya kuwa mwongozaji. Foster alianza msimu kwenye kikosi cha kwanza na baadaye nafasi ikaenda kwa Sion James, ambaye ni beki, sio mwongozaji. Kwa hiyo wote wanamtazama Flagg, na Flagg ni fowadi, mchezaji mrefu wa mbele, anashika mpira juu zaidi kuliko gadi anavyoshika, akiingia katikati ya watu watatu mikono midogo midogo ya magadi inaufikia. Lile la Kentucky halikuwa bahati mbaya, ukimpa fowadi wa miaka 17 kazi ya kudribo katikati ya msitu wa watu mara mbili mfululizo, hicho ndicho kinachotokea.

Halafu ikaja Auburn na ikachanganya hesabu. Auburn walikuwa namba mbili, hawajapoteza, wana nyota wao Johni Broome, wakaanza kwa kasi ya ajabu wakiongoza 13-2. Duke wakageuza, wakaongoza, na mwisho Auburn walipokaribia Duke wakashikilia, 84-78. Wengi tukasema ugonjwa umetibika. Ila ukiitazama vizuri mechi ile, Duke walishinda kwa sababu walijijengea akiba katikati ya mechi kisha wakailinda, hawakuwahi kuwekwa kwenye ile hali ya Kentucky ya matokeo sawa, mpira mmoja, sekunde kumi. Kulinda akiba na kuamua mechi ni kazi mbili tofauti.

Na baada ya hapo kikatokea kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha mambo yote. Duke wakawa wazuri mno. Wakaingia ligi yao ya ACC yenye timu 18, na ligi ile mwaka ule ilikuwa dhaifu sana, mpaka Machi ni timu nne tu zilizokwenda mashindano ya taifa. Duke wakashinda 19 kati ya 20 za ligi. Usiku baada ya usiku mechi imeisha dakika kumi kabla ya muda, Flagg kakaa benchi na taulo. Anafunga 42 dhidi ya Notre Dame, rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza kwenye ligi ile. Vipimo vyote vya kitakwimu, vile vinavyohesabu unafunga na unafungwa pointi ngapi kwa kila mashambulizi mia, vikawaweka kwenye kundi la timu bora za miaka mingi. Ni kweli vilikuwa sahihi, vipimo havikudanganya. Lakini vinapima mechi nzima, dakika zote zina uzito sawa. Ile kazi ya kufunga mechi ngumu ilikuwa haifanyiwi mazoezi kwa sababu mechi ngumu hazikuwepo. Mara moja ilipotokea, Clemson tarehe 8 Februari, wakafungwa, Flagg akiteleza na mpira sekunde za mwisho. Na kwenye nusu fainali ya ACC dhidi ya North Carolina, Flagg hayupo kifundo cha mguu kimeumia, waliongoza kwa pointi 24 wakaishia kushinda 74-71 wakiwa wanatafuta pumzi. Kwangu mimi ile ilikuwa kengele kubwa kuliko kupoteza, ila timu ikishinda nani anasikiliza kengele.

Tarehe 5 Aprili, San Antonio, nusu fainali ya taifa dhidi ya Houston. Duke wanaongoza kwa 14 zikiwa zimebaki dakika nane na kidogo. Halafu mashambulizi yakafa kabisa, zaidi ya dakika kumi za mwisho walipata kikapu kimoja tu cha uwanjani, mengine ni mitupo huru. Bado sekunde 35 zimebaki wapo mbele 67-61. Emanuel Sharp wa Houston anaweka thrii. Duke wanarusha mpira kuingiza uwanjani, unanyang'anywa, Houston wanakosa, Joseph Tugler anaudaka juu anadanki, 67-66. Proctor anakwenda mstari wa mitupo huru, ile ambayo ukikosa wa kwanza hupewi wa pili, anakosa, kwenye kugombania ribaundi Flagg anaitiwa faulo kwa J'Wan Roberts wa Houston, Roberts anaweka yote miwili, 68-67. Flagg anapata nafasi yake, mtupo wa kati, mfupi. Houston wakaongeza mbili, 70-67, imeisha. Flagg alikuwa na pointi 27 usiku ule. Na Maluach, mita mbili na sentimita 18, hakupata ribaundi hata moja mechi nzima, kwa sababu Houston waliweka mwili kifuani kwake kila mpira ulipoondoka mkononi, lile lile la Novemba, senta mwenye mwili anamsukuma. Simlaumu, alikuwa na miaka 18 na basketi hajaicheza muda mrefu, na Juni, NBA ilipochagua wachezaji wapya, akachukuliwa namba 10 akaishia Phoenix, Flagg namba 1 Dallas, Knueppel namba 4 Charlotte.

Kinachonivutia zaidi ni hao Houston wenyewe, kwa sababu Novemba yao ilikuwa mbaya kuliko ya Duke. Walianza msimu wakiwa wameshinda 4 na kupoteza 3. Auburn wakawafunga 74-69, Alabama 85-80 muda wa nyongeza, San Diego State 73-70 muda wa nyongeza. Ugonjwa ule ule, mechi za karibu zinawaponyoka. Tofauti ni kwamba wao ligi yao ilikuwa ngumu, Big 12, kwa hiyo walilazimika kuendelea kuzicheza. Januari wakaenda Kansas, wakawa nyuma pointi sita muda wa nyongeza umebaki sekunde chache, wakasawazisha, wakashinda 92-86 nyongeza ya pili. Roberts mwaka wake wa sita chuoni, LJ Cryer alishachukua ubingwa na Baylor 2021. Walipokuwa nyuma kwa sita San Antonio hawakuwa wanaona kitu kipya.

Nisiseme kwamba hilo linaeleza kila kitu, kwa sababu siku mbili baadaye kwenye fainali Houston hao hao waliongoza kwa 12 dhidi ya Florida, wakafikiwa, wakawa nyuma 65-63 na mpira wa mwisho mikononi mwao, Sharp akaruka kupiga thrii, Walter Clayton wa Florida akamfikia usoni, Sharp akaachia mpira udunde chini bila kuweza kuugusa tena kwa sababu angeitiwa kosa, na muda ukaisha wakiwa hawajarusha hata mtupo. Wazee wa mwaka wa tano na wa sita, na bado. Kwa hiyo kuna kiasi fulani cha bahati ambacho hakuna Novemba itakayokuonyesha. Ila kwa Duke sioni bahati, naona mechi nne zilizopotea kwa namna moja.